Vyaelea Vimeundwa: Safari ya Mkono wa Mchoraji

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mtu asimamaye pwani akalitazama jahazi likikata maji huuona wepesi wake tu. Haioni tezo, haoni magogo yaliyoharibika, wala hazioni siku za jua kali ambazo fundi alizitumia kuliunda. Hali ndiyo hiyo hiyo tunapoutazama mchoro mzuri. Tunaiona shingo ya twiga imepinda sawasawa, tunauona uso wa mzee wenye makunyanzi yake, na kwa haraka tunasema: "Huyu kajaliwa kipaji." Neno hili aghalabu husemwa kwa nia njema, lakini madhara yake ni makubwa. Aliyesifiwa huambiwa kwamba hakutoa jasho. Na yule ambaye hajaweza bado huambiwa kwamba hataweza kamwe.

Sisi tuliopata kusimama mbele ya darasa tumeshuhudia jambo moja likirudiwa mwaka hata mwaka. Mwalimu huwataka wanafunzi wachore kuku. Hazijapita dakika kumi, kijana mmoja amekwisha kuufuta mchoro wake mara tatu, karatasi imetoboka, naye anaweka penseli chini na kusema kwamba yeye hakuzaliwa mchoraji. Wenzake wanacheka, mwalimu anapita kwenda kwa mwingine. Tangu siku hiyo kijana yule hachori tena. Lakini kijana huyo huyo, alipokuwa akijifunza kuandika herufi, aliikosea herufi moja mara mia, wala hapana aliyethubutu kumwambia kwamba hana kipaji cha kuandika.

Katika insha hii tunakusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa historia yetu wenyewe, kwamba mkono wa mchoraji huundwa kama linavyoundwa jahazi. Tutauliza mambo mawili: je, wachoraji wetu waliupataje ustadi wao? Na ni kitu gani kilichowafanya wasiitupe kazi njiani?

Hatuna budi kuanzia Kondoa. Katika vilima vya Kolo na sehemu za jirani, mkoani Dodoma, kuna mapango na majabali yaliyochorwa na wazee wa kale. Zimekwisha kuhesabiwa sehemu zaidi ya 150 zenye michoro, katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mtaalamu Mary Leakey alifanya kazi kubwa ya kuinakili michoro hiyo mwaka 1951, na kitabu chake juu yake kilitoka mwaka 1983. Humo mapangoni tunawaona pofu, twiga na tembo, pamoja na watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyopambwa, wote wamechorwa kwa udongo mwekundu. Baadaye walikuja wakulima, nao wakaacha michoro yao myeupe.

Mgeni afikaye hapo kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja: michoro imepandana. Twiga amechorwa juu ya pofu, na juu ya twiga akachorwa mtu. Hatuwezi kudai kwamba mchoro wa chini ulikuwa wa majaribio, maana baadhi ya mahali hapo palikuwa, na pengine pangali, pa matambiko. Hata hivyo jambo moja ni dhahiri. Watu walirudi kuchora pale pale, kizazi baada ya kizazi, na kila aliyekuja alikuwa na kazi ya waliomtangulia mbele ya macho yake. Tena, mstari mmoja unaoshuka toka shingoni mwa mnyama hadi mguuni, pasipo kusita, si mstari wa mtu aliyeshika rangi jana. Ni mstari wa mtu aliyemtazama mnyama huyo kwa miaka, akamwinda, akamla, akamwogopa, na mkono wake ukazoea njia yake.

Kutoka mapangoni tuje katika karne ya 20. Wakati wa ukoloni Tanganyika haikuwa na chuo cha juu cha sanaa. Kijana aliyetaka elimu hiyo ilimpasa aende Makerere, nchini Uganda, kilichokuwa chuo cha Afrika ya Mashariki nzima. Huko Kampala, mwaka 1937, Mwingereza Margaret Trowell alikuwa ameanza kuwafundisha wanafunzi wachache kuchora, na mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London. Trowell hakupenda wanafunzi wake wanakili picha za Ulaya. Mara nyingi aliwasimulia tukio kwa maneno, kisha akawaacha walione akilini mwao na kulichora kama walivyoliona. Alipoondoka mwaka 1958, Cecil Todd aliyemfuata aliigeuza njia hiyo. Yeye alisisitiza mafunzo rasmi ya rangi, ya umbo, na ya historia ya sanaa.

Miongoni mwa wanafunzi wa Trowell alikuwamo Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere, akafundisha hapo hapo, na katika miaka ya 1950 akaenda kusoma Slade School of Fine Art, London. Wengine wangetazamia kwamba atarudi akichora kama watu wa London. Haikuwa hivyo. Ntiro aliendelea kuwachora watu wa kwao: wanaolima, wanaovuna, wanaobeba pombe ya ndizi kwenda arusini. Picha yake moja ya pombe hiyo ikipelekwa kwa bibi arusi usiku, aliyoichora mwaka 1956, imehifadhiwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Tanganyika ilipopata uhuru alikuwa balozi wetu wa kwanza London, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Tunajifunza nini kwake? Kwamba mtu aweza kubadili miji, kazi na vyeo, lakini mkono wake usichoke, maadamu anachokichora ni kitu anachokipenda na kukifahamu.

Pengine msomaji atasema: Ntiro alikuwa msomi, sisi wengine tufanyeje? Jibu twalipata kwa Edward Saidi Tingatinga. Yeye alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako aliishi kwa vibarua vya namna nyingi. Hakusoma chuo chochote cha sanaa. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa vifaa vilivyopatikana madukani: hadibodi, yaani ubao mwepesi wa kupigia dari, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Picha zake zilikuwa za mnyama au ndege, akisimama peke yake juu ya rangi moja, naye aliziuza karibu na duka la Morogoro Stores, Oysterbay.

Tingatinga alichora kwa muda wa miaka minne tu. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi, kwa kudhaniwa kimakosa kuwa mhalifu. Kazi ingeweza kufa pamoja naye, kama ingalikuwa ni kipaji chake peke yake. Haikufa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwakusanya jamaa na marafiki, miongoni mwao Simon Mpata, Kaspar Tedo, January Linda, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah, wakawa wanachora pamoja naye. Hao nao waliwafundisha wengine. Mwanafunzi huanza kwa kutayarisha ubao na kupaka rangi ya chini. Kisha hunakili picha za mwalimu. Na baada ya kunakili sana, mkono wake huwa mwepesi, akaanza picha zake. Mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama cha ushirika chenye jina la Tingatinga, na leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la uchoraji mzima.

Hata hivyo, si haki tuusifu mtindo huu bila kuutazama kwa jicho la pili. Kurudia kumewapa vijana wengi ustadi na chakula; lakini soko la watalii limewafanya baadhi yao warudie simba yule yule na twiga yule yule, hata mkono ukawa hodari na jicho likasinzia. Mtu aweza kuchora tembo elfu moja bila kumtazama tembo hata mmoja. Kwa hiyo kurudia peke yake hakutoshi. Kunakili ni kama gongo la mtu ajifunzaye kutembea baada ya ugonjwa: ni jambo jema kulishika, lakini siku moja sharti liwekwe chini. Hapa ndipo fundisho la Trowell na fundisho la Morogoro Stores yanapohitajiana. La kwanza linalinda jicho, la pili linajenga mkono.

Mfano wetu wa mwisho ni George Lilanga, aliyezaliwa wilayani Masasi mwaka 1934. Alikuwa mchongaji, mtu wa jadi ya Kimakonde ya kuchonga mashetani. Alipofika Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. Hakukaa mlangoni tu. Aliingia ndani akajifunza kuchora, naye alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye umri unaokaribia miaka 40. Mashetani aliyoyajua kwa patasi aliyahamishia kwenye ngozi za mbuzi, kwenye batiki, na baadaye kwenye vibao kwa rangi kali. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Uzeeni alipatwa na ugonjwa wa kisukari, hata akakatwa miguu. Lakini aliendelea na kazi, akisaidiwa na vijana aliowafundisha, mpaka alipofariki mwaka 2005. Basi asije mtu akatuambia kwamba amechelewa kuanza.

Tukiyaweka maisha haya pamoja, tunaona mambo matatu yanayoukuza mkono na kuutunza moyo. Kwanza, hapana hata mmoja aliyekaa peke yake. Palikuwa na jabali lenye michoro ya wazee, au darasa, au kivuli cha mti penye wenzake. Pili, kila mmoja alichora kwa ajili ya watu: kwa tambiko, kwa kumbukumbu ya kijiji, au kwa mlo wa jioni. Tatu, kila mmoja alirudi kesho yake. Bandu bandu huisha gogo.

Lipo na jambo la nne, lisiloonekana kwa urahisi, nalo ndilo tunalotaka walimu walishike. Katika kujifunza, jicho hutangulia mkono. Mtoto mdogo huchora kwa furaha kwa sababu bado hayaoni makosa yake. Afikapo umri wa shule ya sekondari, jicho lake limekwisha kukomaa. Anaona kwamba mguu wa kuku aliyemchora sio mguu wa kuku. Mkono wake haujafika huko bado, na hapo ndipo anapokata tamaa. Lakini uchungu ule si dalili ya kukosa kipaji. Ni dalili kwamba ameanza kuona, na aonaye amekwisha kwenda nusu ya safari.

Kwa hiyo twawashauri walimu mambo machache yasiyohitaji fedha. Kila mwanafunzi awe na daftari moja la kuchorea, na kila mchoro uandikwe tarehe. Achore kitu kile kile, mtungi, jembe au mwembe wa shuleni, mara moja kila juma, kwa muda wa muhula mzima. Asifute wala asichane. Akikosea achore mwingine pembeni. Mwisho wa muhula aufungue ukurasa wa kwanza na wa mwisho, aone kwa macho yake mwenyewe umbali aliokwisha kwenda. Sifa za mwalimu husahaulika, lakini ushahidi wa daftari haukanushiki. Karatasi ikikosekana, upo mkaa, na uwanja uliofagiwa vizuri ni ubao mpana. Wazee wa Kondoa hawakusubiri rangi za dukani; walitumia udongo wa nchi yao.

Turudi basi kwa yule kijana aliyetoboa karatasi. Alimfuta kuku wake mara tatu kwa sababu mara tatu aliona kwamba hakufanana na kuku. Katika darasa zima, huenda yeye ndiye aliyetazama kwa makini kuliko wote. Mwalimu aliyepita bila kusema neno alimpita mtu ambaye pengine angetuchorea nyuso za wazee wetu na kazi za mikono yetu, ili wajukuu wazione. Taifa haliwezi kujua limepoteza michoro mingapi kwa namna hiyo, maana mchoro usiochorwa haumwachii mtu pengo la kuonyesha. Mwalimu atakapofika tena kwenye dawati kama lile, na asimame. Ampe kijana karatasi nyingine, na amwambie aanze na mguu.