Mombasa Kabla ya Fort Jesus

Ukifika Mombasa leo, simu itakutoka mfukoni mara mbili: Fort Jesus, na zile pembe za Moi Avenue. Sasa hebu tafuta kwenye intaneti mchoro wa Mombasa uliochapishwa Cologne, Ujerumani, mwaka wa 1572. Pembe hakuna, na Fort Jesus pia hakuna, kwa sababu Wareno walianza kuijenga 1593. Utaona nyumba zimesongamana kando ya maji, na jina "Mombaza". Mgeni angedhani yale maji ni mto. Ni hori za bahari zinazokizunguka kisiwa, Kilindini upande huu na Tudor upande ule.

Mchoro huo uko katika juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha picha za miji ya dunia. Mhariri ni Georg Braun, mchongaji wa picha ni Frans Hogenberg. Ukurasa mmoja umebeba miji minne: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Hawa wawili hawakuwahi kutia mguu pwani yetu. Habari za huku zilifika Ulaya kwa meli za Wareno.

Na Wareno waliijuaje Mombasa? Agosti 1505, Francisco de Almeida, akitoka kuiteka Kilwa mwezi uliotangulia, aliingia Mombasa, akaichoma na kuipora. Simulizi ya safari hiyo, inayohusishwa na Mjerumani Hans Mayr aliyekuwa kwenye msafara, inataja nyumba za ghorofa tatu zilizopakwa chokaa, na vichochoro vyembamba hata watu wawili hawawezi kupita sambamba, huku baraza za mawe zikizidi kuvibana. Yaani aliyetuachia maelezo mazuri ya mji ule aliuona siku unaungua. Aliona mpaka baraza, lakini waliozoea kukaa hapo jioni wakipiga soga hatuwajui hata mmoja.

Kuna kitu kingine kinanikereketa. Braun mwenyewe aliogopa kwamba picha za miji zingemsaidia adui vitani. Katika utangulizi wake anaeleza kwamba amechora watu mbele ya miji ili Waturuki wasizitumie, kwa kuwa, alivyoamini, dini yao inakataza picha za binadamu. Kwa hivyo alijua vizuri kwamba kuuchora mji si jambo la urembo tu. Alitaka kuilinda miji ya kwao. Mombasa ilikuwa imeshavamiwa tena 1528, na ingeshambuliwa tena 1589.

Mimi ni mtu wa Naitiri, kati ya Kitale na Bungoma, mbali kabisa na bahari. Mto wetu ni Nzoia. Lakini nikiutazama mchoro ule nafikiria Chetambe, kule juu ya Webuye. Babukusu walijenga ngome zao kwa kuta za udongo na mahandaki. Mwaka wa 1895 Waingereza, chini ya C. W. Hobley, walizivamia Lumboka na Chetambe. Baadaye Hobley akaandika kumbukumbu zake, zikachapishwa 1929. Maporomoko ya Nzoia hapo Webuye nayo yakabandikwa jina la mzungu, Broderick Falls. Mashamba ya Naitiri yakawa ya walowezi, na baada ya Uhuru yakakatwa kuwa skimu za makazi. Karatasi nyingi zilizochora ardhi yetu zilikuwa za kuigawa.

Sisemi tuutupe mchoro wa 1572. Bila huo tungekuwa na kidogo zaidi. Ila tuusome tukijua umepitia mikono ya nani. Wanaakiolojia wanaochimba pwani wanatuonyesha kuta na vyombo ambavyo mchongaji wa Cologne hangeviona. Na huku kwetu bado wapo wazee waliosimuliwa na babu zao lango la ngome lilielekea wapi, na maji yalichotwa wapi wakati wa vita.

Simu tunazo. Ukienda kijijini Disemba hii, mpe mzee kalamu na karatasi, umwambie akuchoree. Usimsahihishe. Andika jina lake chini, na mwaka.