Wahinawi na Waghafiri: Asili ya Vita vya Omani

Imamu Sultan bin Seif wa Pili alipofariki katika ngome yake ya Hazm mwaka 1131 wa Hijra, yaani 1718-19, dola ya Wayaarubi ilikuwa na nguvu kubwa. Maskati ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa Wareno tangu 1650, na Ngome ya Yesu ya Mombasa tangu 1698. Haikutimia miaka kumi, nchi ikapasuka pande mbili, Wahinawi na Waghafiri, na mpasuko huo ukaishi kuliko dola yenyewe.

Imezoeleka kuelezwa kwamba pande hizo ni jina jipya la uadui wa kale baina ya Waarabu wenye asili ya Yemeni, wazao wa Kahtani, na wale wa kaskazini, wazao wa Nizari. Maelezo hayo ni mepesi mno, na majina yenyewe hayayaungi mkono. Hayakutoka kwa Kahtani wala kwa Nizari. Yalitoka kwa makabila mawili, Bani Hina na Bani Ghafir, na hasa kwa watu wawili walioyaongoza: Khalaf bin Mubarak na Muhammad bin Nasir. Kabla ya hao hapakuwa na Mhinawi wala Mghafiri kwa maana iliyokuja kujulikana baadaye.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa swali la sheria. Marehemu aliacha mwana, Seif, ambaye hajabaleghe. Katika madhehebu ya Ibadhi Uimamu haurithiwi. Imamu huchaguliwa, na mtoto asiyeweza kuwa imamu wa sala hawezi kuwa imamu wa nchi. Kwa hiyo maulamaa walimtaka Muhanna bin Sultan, jamaa wa ukoo huo huo, naye alistahiki kwa umri na mwenendo. Lakini wakuu wa makabila na umma uliokusanyika na silaha walimtaka mtoto. Tarikhi ya Kashf al-Ghumma yasimulia jinsi kadhi Adi bin Sulaiman, alipoona fitina inakaribia, alivyowatokea watu akatamka kuwa Seif ni «amamakum», yaani yuko mbele yenu. Watu wakasikia «imamukum», imamu wenu, wakashangilia na kupiga mizinga. Katika maandishi yasiyotiwa irabu maneno hayo mawili huandikwa sawasawa. Kadhi hakusema uwongo, na umma haukupata ukweli. Amani ya siku ile ikasimama juu ya irabu.

Amani ya namna hiyo haina umri. Makundi yalipotawanyika, mwaka 1719 maulamaa walimwingiza Muhanna kwa siri katika ngome ya Rustaq wakamtangaza imamu. Alitawala vizuri, hata akaondoa ushuru katika bandari ya Maskati. Lakini mwaka uliofuata aliuawa na Yaarub bin Balarab, ambaye kwanza alijifanya mlezi wa mtoto, kisha akajitwalia Uimamu. Watu wa Rustaq wakaasi, na kadhi Adi akauawa katika ghasia hizo. Ulezi ukaenda kwa Balarab bin Nasir, mjomba wa mtoto. Hadi hapo wagombanao ni Wayaarubi wenyewe kwa wenyewe. Ndipo mlezi huyo alipowatishia wajumbe waliokuja Rustaq kumpongeza, Muhammad bin Nasir akiwa miongoni mwao. Akaondoka kwa hasira, akamwandikia Yaarub ainuke. Khalaf bin Mubarak akasimama upande wa mlezi. Kila mmoja akatafuta makabila ya kumsaidia, na makabila yakaja, kila moja kwa kisasi chake.

Katika kuja huko hawakupangwa kwa nasaba. Yako makabila yaliyojinasibu na Kahtani ambayo yaliingia kwa Waghafiri. Na ijapokuwa Wahinawi wengi walikuwa Ibadhi, Waghafiri walichanganyika Ibadhi na Sunni, na Muhammad bin Nasir mwenyewe alichaguliwa imamu wa Ibadhi mwaka 1724. Mara nyingi lililoamua ni ujirani: kabila lililogombea maji au njia na jirani yake lilichagua upande ambao jirani hakuuchagua. Nasaba ililetwa baadaye, kuupa ugomvi wa jana heshima ya karne nyingi.

Khalaf na Muhammad waliuawa wote wawili katika vita vya Sohar mwaka 1728. Waliokufa walikuwa viongozi. Majina yao yalibaki. Seif, sasa mtu mzima, akawa imamu, akashindwa kuzishika pande zote mbili, na alipozidiwa aliwaita Waajemi wa Nadir Shah mwaka 1737. Waliokuja kumsaidia wakawa mabwana, mpaka Ahmad bin Said, liwali wa Sohar, alipowaondoa na kuanzisha dola ya Busaidi.

Pwani ya Afrika Mashariki haikusalimika. Wareno waliirudia Mombasa mwaka huo huo wa 1728, wakafukuzwa na wenyeji mwishoni mwa 1729. Muhammad bin Uthman al-Mazrui, liwali wa Mombasa, alikataa kumtii Ahmad bin Said, kwa hoja kwamba huyo naye alikuwa liwali tu kama yeye. Aliuawa mwaka 1746, na nduguye Ali akaitwaa tena ngome.

Na mwaka 1913, Uimamu ulipohuishwa kwa kuchaguliwa Salim bin Rashid al-Kharusi, waliomwunga mkono ni Himyar bin Nasir al-Nabhani, mkuu wa Waghafiri, na Isa bin Salih al-Harthi, mkuu wa Wahinawi.