Ken Bruce

Ken Bruce (amezaliwa Glasgow, 2 Februari 1951) ni mtangazaji wa redio kutoka Uskoti. Alianza kusomea uhasibu, akauacha. Sauti yake ilianza kusikika katika redio ya wagonjwa hospitalini, kisha BBC Radio Scotland. Mwaka 1985 alimrithi mtangazaji maarufu Terry Wogan katika kipindi cha asubuhi cha BBC Radio 2, kiti kigumu kwa yeyote. Kuanzia 1992 alishika zamu ya kabla ya adhuhuri kwa miaka 31.

Kilichompa jina zaidi ni chemsha bongo ya muziki, PopMaster, iliyoanza 1998. Wasikilizaji wawili hushindana kwa simu, maswali kumi kila mmoja, na alama za juu kabisa ni 39, si 40. Mshindi hupewa sekunde kumi kutaja nyimbo tatu za msanii mmoja zilizovuma. Hapo wajuzi wengi hupigwa na bumbuazi. Bruce hana makeke: utani wake ni mkavu, na hamkejeli anayekosa.

Aprili 2023 alihamia kituo cha Greatest Hits Radio, na PopMaster akaondoka nayo.