Muziki Usio na Mwimbaji

Mhariri ametaka habari za mambo tuliyojifunza tangu tuondoke shuleni. Wenzangu wataandika juu ya kilimo na biashara. Mimi nitaandika juu ya muziki, kwa kuwa wale niliopiga nao tarumbeta katika bendi ya shule hawaachi kuniuliza: hivi hawa wanaobonyeza vitufe wanapiga nini hasa?

Binti yangu aliniletea santuri iitwayo Donuts, kazi ya J Dilla wa Detroit, Marekani, iliyotoka mwaka 2006. Ina vipande 31, vingi vifupi mno, wala hamna mwimbaji aliyeitwa kuimba. Sauti zinazosikika zimekatwa kutoka santuri za zamani, zikaunganishwa upya. Niliisikiliza siku tatu mfululizo.

Asili yake ni mtaa wa Bronx, New York. Tarehe 11 Agosti 1973 kijana mzaliwa wa Jamaika, Kool Herc, alipiga muziki katika karamu ya dada yake. Herc aliona kwamba wachezaji huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma kubaki peke yake. Basi akawa anatumia santuri mbili za wimbo ule ule: kipande cha ngoma kikiisha huku, anakianzisha kule. Hip-hop ilianza hivyo, kwa ngoma.

Mitambo ikafuata. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa alitoa Planet Rock, akichanganya midundo ya mtambo wa Kijapani, Roland TR-808, na tuni za Kraftwerk wa Ujerumani. Mwaka 1988 ikaja Akai MPC60, yenye vitufe 16 vya kupigwa kwa vidole. Kila kitufe huweza kubeba sauti yoyote uliyoinasa. Kwa mitambo ya jamii hiyo DJ Shadow wa California alitengeneza Endtroducing ya mwaka 1996, karibu yote kwa vipande vya santuri alizokuwa akizichakura madukani.

Sasa nawajibu wapiga tarumbeta. Mtambo huo una kirekebishi kinachosogeza kila pigo likae sawasawa na saa. Dilla mara nyingi alikizima, akapiga kwa vidole vyake, ngoma ikachelewa kidogo au kutangulia, kama mpigaji wa kweli afanyavyo. Alifariki tarehe 10 Februari 2006, siku tatu baada ya Donuts kutoka, akiwa na miaka 32. Mtambo wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Wamarekani Weusi mjini Washington.

Lakini kuna deni. Mwaka 1969 Clyde Stubblefield alipiga ngoma katika wimbo wa James Brown, Funky Drummer. Pigo lake limekatwa na kutumiwa katika nyimbo mamia. Mwaka 1991 mahakama ya New York iliamua kwamba kipande cha wimbo hakichukuliwi bila idhini. Hata hivyo idhini huombwa kwa mtunzi na mwenye santuri, si kwa mpiga ngoma wa kuajiriwa. Jina la Stubblefield halikuandikwa kama mtunzi. Alifariki mwaka 2017 bila kupata mrabaha wa pigo lile.

Siku ya mkutano wetu nitakuja na santuri zote mbili. Mwenye gramafoni nzima tafadhali anijulishe.