Kuwahesabu Waliojificha: Dar es Salaam na Waathirika wa Dawa za Kulevya

Miongoni mwa majaribu yaliyoupata mji wa Dar es Salaam katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, janga la dawa za kulevya liliingia kimya kimya. Heroini, iliyoitwa mitaani unga, ilianza kuonekana katika miaka ya 1980, nayo ikivutwa kwa moshi. Ilipofuata heroini nyeupe, ambayo huyeyuka upesi katika maji, vijana wengi waligeukia sindano. Sheria ya mwaka 1995 ilileta Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya. Hata hivyo, swali moja lilibaki bila jibu: ni watu wangapi waliohitaji tiba?

Swali hilo halikuwa jepesi. Sensa huhesabu watu majumbani, ilhali wengi wa waathirika walishinda maskani na kulala katika magofu. Wengine walifichwa na familia zao kwa aibu, au walijificha wenyewe kwa kuogopa polisi. Hospitali nazo ziliwaona wachache tu waliofikishwa huko, na wanawake walikuwa wagumu zaidi kuwapata.

Kwa sababu hiyo wataalamu wana njia za kukadiria wasioonekana. Mojawapo ni kuhesabu mara mbili. Tuseme watu 200 wamefikiwa maskani na kupewa alama. Baadaye wanafikiwa 150, na kati yao 30 wana alama ile. Kwa kuwa 30 ni moja ya tano ya 150, wale 200 wa kwanza hukadiriwa kuwa moja ya tano ya wote; jumla yao basi ni kama 1,000. Lakini wale wanaokwepa mara zote mbili hubaki nje ya hesabu, na makadirio huwa pungufu.

Uchunguzi uliofanywa jijini katika miaka ya 2000 ulionyesha kuwa takriban asilimia 42 ya waliojidunga na kupimwa walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kuchelewa kulimaanisha vifo. Mwezi Februari 2011 tiba ya methadoni ilianza Muhimbili. Ikafuata Mwananyamala mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Mwaka huo huo wa 2014 makadirio ya taifa yaliwataja wanaojidunga kuwa kama 30,000.

Idadi pekee, hata hivyo, haikutosha. Methadoni ilinywewa kila siku mbele ya mhudumu, hivyo asiye na nauli alikuwa mbali na tiba hata kama kliniki ilikuwa na nafasi. Ndipo ilipodhihirika kwamba mahitaji ya jamii hupimwa pia kwa umbali, kwa nauli, na kwa hofu ya kuonekana. Familia iliyomtaja mtoto wake kwa jina, badala ya kumficha, ilikuwa imeanza kumrudisha katika hesabu ya walio hai.