Wati 1,000 kwenye boksi? Angalia haya kabla hujanunua amplifaya ya stereo

Boksi linasema wati 1,000, taa zinawaka rangi zote na besi inatikisa duka zima. Kwa mkazi wa Nshambya, Bukoba, anayetaka muziki mzuri sebuleni, hivyo vyote havimwambii kama amplifaya ni nzima wala kama itadumu.

Ni kifaa gani?

Inayozungumziwa hapa ni amplifaya yenye kila kitu ndani ya boksi moja: sehemu ya kuchagua chanzo cha muziki na kurekebisha sauti, pamoja na sehemu ya kusukuma spika mbili, ya kushoto na ya kulia. Wewe unaongeza spika na simu, redio au deki tu.

1. Tafuta RMS, achana na PMPO

PMPO ni namba ya kuuzia. Haina kipimo kimoja kinachokubalika, ndiyo maana kila mtengenezaji anaandika anavyotaka. RMS ndiyo nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo.

Na usidharau namba ndogo. NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978, ilitangazwa kwa wati 20 tu kila upande, lakini ikawa moja ya amplifaya maarufu zaidi za nyumbani duniani.

Sababu ni hesabu. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, yaani kidogo. Kwa sebule ya kawaida na spika nzuri, wati 20 hadi 50 za kweli zinatosha.

2. Geuza, soma nyuma

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Amplifaya nyingi za mtumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi, unaweza kuiunguza siku hiyohiyo. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hiyo ni gharama ya kuweka kwenye hesabu kabla hujalipa.

Angalia pia alama ya Ω. Spika ya omu 4 inaivuta amplifaya zaidi kuliko ya omu 8. Kama nyuma imeandikwa omu 8 mpaka 16, usiifunge spika ya omu 4.

3. Ijaribu kwa dakika 10

• Iwashe bila muziki, pandisha volyumu taratibu. Mchuzo mdogo wa "sss" ni kawaida. Mvumo mzito wa "mmm" ni dalili ya tatizo, mara nyingi kapasita zilizochoka au waya mbovu.

• Shusha volyumu, weka wimbo, kisha izungushe tena. Ikikwaruza, ndani kuna vumbi au imelika.

• Peleka balansi kushoto, halafu kulia. Pande zote mbili zilie sawa.

• Rudisha besi na treble katikati, kisha weka wimbo unaoujua vizuri. Ukiweka Saida Karoli, kwa mfano, sauti yake isikike wazi juu ya ngoma, isimezwe.

• Ongeza sauti kidogo. Ikianza kupasuka mapema, hizo wati ni za kwenye boksi tu.

Kwa ya mtumba, mwombe fundi apime kwa mita umeme wa DC unaotoka kwenye matundu ya spika, muziki ukiwa umezimwa. Ukizidi milivolti 50, irekebishwe kwanza. Ukifika volti kadhaa, achana nayo, itaua spika.

4. Ukishaifikisha nyumbani

Amplifaya hupumua kupitia matundu ya juu. Kile kitambaa cha kufuma kinapendeza, lakini kinafungia joto ndani. Kiweke kwenye kochi.

Eneo la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Wingu likianza kunguruma, chomoa plagi kabisa, kwa sababu kuzima swichi peke yake hakutoshi. Umeme ukikatika pia chomoa, subiri urudi na utulie ndipo uwashe.

Kwa kifupi: volti kwanza, RMS pili, masikio yako tatu. Muuzaji akikataa usiijaribu dukani, ondoka na hela yako.