Moto Mwilini: Mafundisho ya Ebola Huku Beni na Butembo

Mwiba ukituchoma kidoleni, mahali pale huwa pekundu, hupata moto, huvimba na kuuma. Ni kazi ya askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, ambazo Muumba ameziweka zitulinde.

Lakini ni nani awaitaye askari hao? Mwaka 1931, mjini London, Ulf von Euler na John Gaddum walipata kitu katika ubongo na matumbo ya farasi, kikaitwa P. Baadaye wataalamu walitambua ya kuwa mishipa ya fahamu hukitoa palipo na maumivu. Hupanua mishipa ya damu na kuwaamsha askari. Vitu vya namna hiyo vyaitwa nyuropeptidi. Kingine, kilichogunduliwa mwaka 1970 na Sami Said na Viktor Mutt, huwatuliza askari, moto usipite kiasi.

Ole wake mwili ambao moto wake wapita kiasi! Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa kwetu, huko Mangina karibu na Beni. Virusi vyake huwaingia kwanza askari wenyewe. Nao hutoa vijumbe vingi mno vya kuwasha moto, hata mishipa ya damu huvuja. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Twakumbuka na moto wa pili, ule wa mashaka. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa Butembo. Watu waliochoshwa na mauaji ya miaka mingi waliuliza: mbona mwatujali leo tu? Swali lilikuwa la haki. Walakini mawe na risasi si jibu.

Na msaada ulitoka Kongo yenyewe. Mwaka 1995, katika Kikwit, Profesa Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, nao 7 wakapona. Kutokana na damu ya mmoja aliyeokoka Kikwit ikapatikana dawa mAb114. Ilijaribiwa kwetu tangu Novemba 2018: katika kila wagonjwa 100 walioipata, wapata 35 walikufa, nao waliofika mapema waliokoka wengi zaidi.

Huko Beni palikuwa pia na vyumba vya plastiki angavu, ndugu wakaweza kumwona mgonjwa wao na kusema naye. Hatusemi ya kuwa uso wa mama huua virusi. Lakini Mungu, aliyeunganisha mishipa ya fahamu na askari wa mwili, atuonyesha ya kuwa mtu ni mmoja, mwili na roho. Basi, homa ikizuka nyumbani, tumpeleke mgonjwa hospitali mapema, wala tusimwache katika upweke.